Pikipiki Rahisi

Muuguzi wa mlimani alifika ofisini saa moja asubuhi, saa nzima kabla ya aliyemwita. Akakaa kwenye benchi, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa tena. Mtu angedhani benchi lina kunguni. Tangu bega lake lifunguliwe bandeji alikuwa hivyohivyo, hatulii. Nyumbani alipanga na kupangua kabati la vyombo mpaka mumewe akaomba awe anaambiwa kila asubuhi vikombe vimehamia wapi.

Kilichomkosesha raha ni barua. Wiki mbili nyuma afisa usafiri alimtaka aandike anahitaji pikipiki ya namna gani badala ya ile iliyomwangusha, naye, baada ya kuchana karatasi nne, akaandika mstari mmoja tu: "Naomba pikipiki rahisi." Leo ndiyo siku ya kuipokea. Na afisa alikwisha sema wazi: ikifika saa sita mchana hajaona kwa macho yake pikipiki inayovuka mto na mtu wa kuivusha, njia ya mlimani inafutwa, na kina mama watateremka wenyewe na watoto wao kuja kuchanjwa mjini. Watateremka! Saa tatu za mguu kuja, nne kurudi, mtoto mgongoni. Muuguzi aliwajua wale wanawake mmoja mmoja. Hawangeteremka, na watoto wangekaa bila chanjo.

Afisa alitokea saa mbili, tabasamu limemjaa usoni kama mtu anayesubiri kupewa asante. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba barabara zote alizijua kwenye ramani, na kwenye ramani hakuna jiwe.

"Sista, njoo uone mambo," alisema, akampeleka nyuma ya ofisi.

Chini ya paa la mabati ilisimama skuta nyekundu, inang'aa, magurudumu yake yanatoshana na sahani za wageni.

"Hii nini?"

"Pikipiki yako."

"Mimi napanda mlima, bwana. Hii ni ya kwendea saluni."

"Si uliandika rahisi?" Afisa alichomoa barua mfukoni. "Nimezunguka mji mzima. Rahisi kuliko hii hakuna. Hata muuzaji alinionea huruma."

Damu ilimchemka muuguzi. "Rahisi kuendesha! Nani amezungumzia bei?"

"Ungeandika hivyo."

"Na wewe ungeuliza!"

Wakatazamana, kila mmoja na "rahisi" yake, na wote wawili wako sahihi, jambo linaloudhi kuliko kukosea. Afisa alitazama saa. Muuguzi alikwisha fika getini.

"Twende kwa shemeji yangu," alisema bila kugeuka.

Shemeji huyo, mume wa mdogo wake, alikuwa fundi. Nyuma ya karakana yake alikuwa na uwanja wa pikipiki alizozinunua zikiwa hoi, akazifufua, akaziuza. Watu walimwita Daktari, kwa sababu hakukuuzia unachotaka. Alikuhoji kwanza, akakuandikia dawa. Unakwenda wapi? Unabeba nini? Ukiendesha unakaa au unasimama? Wako walioondoka kwa hasira wakanunua kwingine, na wako waliorudi wanachechemea.

"Shemeji!" alisema alipomwona. "Bega limepona, au umekuja nikuchomelee?"

"Acha utani. Nataka pikipiki kabla ya saa sita."

"Haraka yako hiyo ndiyo iliyokuangusha."

"Sikuanguka kwa haraka. Niliteleza wakati nashuka." Hayo ndiyo maneno aliyowaambia watu wote, na aliyatamka upesi, huku akichezea kamba ya mkoba.

Fundi hakubisha. Aliwapitisha kati ya pikipiki, anazigonga tangi kwa kifundo cha kidole. Ile kubwa nyeusi, siti pana, ni ya mtu wa lami, wa safari ndefu, anayekaa kama yuko sebuleni. Uipeleke kwenye mawe, itakaa hukohuko. Ile nyembamba ya usukani ulioinama ni ya wapenda mbio, tumbo juu ya tangi, na mlimani itamvunja mtu kiuno kabla ya kona ya pili. Ile ndefu yenye springi ndefu, hiyo sasa ni ya porini, ya mtu anayeendesha amesimama.

"Basi si ndiyo hiyo," alisema afisa, kalamu mkononi.

"Ndiyo mfano wa ile ya zamani," alisema muuguzi, na miguu yake ikarudi nyuma hatua moja yenyewe.

Fundi aliiona ile hatua. Alikwenda kuchukua magunia mawili, akayatandika chini, akailaza ile pikipiki ndefu ubavu juu ya magunia, taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Inua," alisema.

"Sijaja kubeba vyuma, nimekuja kuchagua."

"Kwangu ndivyo watu wanavyochagua. Kuendesha kila mtu anaweza siku ikiwa nzuri. Mimi nataka kujua siku ikiwa mbaya, uko peke yako, hii kitu imelala, utaiamsha? Usipoiamsha, si yako."

Muuguzi alishika usukani akavuta. Pikipiki ilinyanyuka kidogo, ikarudi. Akavuta tena, bega likamchoma, akaachia. Afisa akavua koti aonyeshe mfano. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akaishia kukaa juu ya gunia. Siku nyingine muuguzi angecheka mpaka basi. Leo alizunguka uwanja, akarudi, akazunguka tena, mikono imeshikilia kiuno.

"Sikuteleza," alisema ghafla.

Afisa aliinuka kutoka kwenye gunia.

"Nilikuwa katikati ya mto, kwenye mawe. Nikashusha mguu nijishikilie, mguu haukufika chini. Ikaniangukia. Nililala pale chini yake tangu saa tatu mpaka saa saba. Maji hapa." Akagusa kidevu. "Niliisukuma mpaka nikachoka. Kisanduku cha chanjo kilikuwa palepale, nakiona, barafu inayeyuka. Wanawake wa kukata majani ndio walionitoa. Niliandika rahisi kwa sababu niliona aibu kuandika kwamba naogopa. Naogopa, jamani."

Afisa alitoa tena ile barua, akaitazama, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni.

Fundi aliingia ndani ya karakana akatoka anakokota pikipiki ndogo ya rangi ya udongo, yenye sura mbaya, taa yake imefungwa kwa waya. Ilikuwa nyepesi, nyembamba kiunoni, si ndefu. Akailaza juu ya magunia.

"Usiivute kwa mikono. Igeuzie mgongo. Makalio kwenye siti, ndiyo, usione haya, mimi ni shemeji yako. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria. Sasa tembea kinyumenyume. Miguu ifanye kazi, bega lisijue."

Mara ya kwanza viatu viliteleza. Mara ya pili pikipiki iliinuka nusu, ikamshinda. Mara ya tatu alikaza meno, akarudi hatua moja, mbili, tatu, na pikipiki ikasimama nyuma yake. Aligeuka akaitazama kama haamini.

"Ilaze tena," alisema.

Akaiinua mara sita. Fundi ndiye aliyemkataza ya saba.

Kisha kazi ikaanza: fundi akapunguza sponji ya siti mpaka nyayo za muuguzi zikakanyaga chini zote mbili, akabadilisha tairi akaweka za meno makubwa, na nyuma akafunga ile gia ya mnyororo yenye meno mengi zaidi. Mbio zitapungua, alieleza, lakini kwenye mwinuko itapanda polepole bila kuzimika. Muuguzi alikuwa anauliza "bado?" kila anapogusa spana. Saa tano kasoro ikawa tayari.

Afisa alitakiwa kushuhudia, na chombo kilichokuwepo ni ile skuta, akaifuata ofisini. Basi ikawa safari ya ajabu: mbele pikipiki ya udongo inakwenda mwendo wa bibi harusi, nyuma afisa na tai yake, anarushwarushwa na kila shimo. Mita mia mbili kabla ya mto, skuta ilizama kwenye mchanga ikakataa katakata. Afisa akaiacha, akaja kwa miguu.

Muuguzi alisimama ukingoni. Aliyahesabu mawe kwa macho mpaka ng'ambo. Aliingia. Maji yakafika kwenye mhimili wa gurudumu. Alikuwa amevuka nusu pale jiwe lilipogeuka chini ya tairi, akashusha mguu, mguu ukafika, lakini jiwe lenyewe likateleza, na pikipiki ikalala ndani ya maji naye kando yake.

"Nakuja!" alipiga kelele afisa, anaingia mtoni na viatu vyake vya ngozi.

"Usiniguse!" Sauti yake ilimshtua hata yeye. "Simama hapohapo!"

Aliigeuzia mgongo. Maji yalikuwa baridi, miguu ilitafuta jiwe lisilocheza, ikalipata. Hatua moja. Alilia, na hakujali nani anaona. Hatua ya pili. Hatua ya tatu. Pikipiki ikasimama, inachuruzika maji. Aliisukuma mpaka ng'ambo, akapiga kiki mara nyingi mno, ikakohoa, ikawaka.

Afisa, amesimama mtoni, alitoa fomu ya kuendeleza njia ya mlimani, akaiweka juu ya goti akaitia sahihi. "Basi, rudi!" aliita. "Nimeona! Imetosha!"

Hakurudi. Hakujua mwenyewe kwa nini. Alitaka tu kuuona mlango wa zahanati ya mlimani, auguse, ateremke. Akapanda zile kona gia ya kwanza, gia ya pili, injini inalalamika lakini haizimiki.

Alitegemea kukuta majani yameota mlangoni. Alikuta wanawake kumi na kitu wamekaa ukutani, watoto wamepakatwa, kadi za kliniki mikononi. Leo ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake.

"Nani aliwaambia nakuja?" aliuliza, kofia bado kichwani.

"Hakuna," alisema mmoja, akisogeza mtoto begani. "Tunakuja kila Alhamisi. Ikifika saa saba hujaja, tunaondoka."

"Wiki zote tisa tangu nianguke?"

"Tungejuaje ni ipi utakayokuja?"

Muuguzi alitazama keria nyuma yake. Ilikuwa tupu. Kisanduku cha chanjo kilikuwa mjini, ndani ya friji, na kati yake na yeye ulikuwepo mto: mara moja kwenda, mara moja kurudi. Alikanyaga chini nyayo zote mbili, akageuza pikipiki.

"Leo msiondoke saa saba," alisema.