Kosea Nawe, Wifi

Mwalimu alikuwa amegeukia ukutani tena. Tangu apate kiharusi hajatamka neno, na mtaalamu wa usemi alikwishamwambia mkewe bila kumung'unya maneno: asipojaribu sasa, huenda asiseme tena. Akiombwa ajaribu, anafumba macho. Mtu aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote, leo hata "maji" hasemi!

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amechoka kubembeleza. Jioni hiyo akachukua kitabu cha sarufi cha mumewe, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsomea sura aliyoipenda kuliko zote: maneno ambayo Kiingereza kiliyaazima kwa Kilatini na Kigiriki, yakaja na wingi wake wa huko huko kwao.

"Umoja 'cactus', wingi 'cacti'. Umoja 'crisis', wingi 'crisises'."

Kitabuni iliandikwa 'crises'; hakukusudia, ulimi uliteleza tu. Lakini Mwalimu aligeuka! Nyusi moja ikapanda, na mkono wake mzima ukaanza kupapasa shuka, unatafuta kalamu nyekundu.

Moyo wa mkewe ukaruka. Huyo! Huyo ndiye mume wake, aliyemsahihisha hata wakigombana, mpaka siku moja akamfokea, "Mimi mkeo, si daftari!"

"Wifi! Wifi, njoo mbio!"

Dada yake Mwalimu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kuna nini? Kaka amezidiwa?"

"Amesikia kosa, amegeuka! Makosa yanamkera, wifi. Kosea nawe!"

"Kukosea tu? Ee, kazi hiyo naiweza." Akachungulia kitabu. "Umoja 'phenomenon', wingi... 'phenomenons'!"

Mwalimu akakunja uso.

"'Bacterium', 'bacteriums'!" mke akadakia.

"'Bacteriumses'!" wifi akamzidi.

Mwalimu akalipiga godoro kofi. Midomo ikacheza, jasho likamtoka. Wifi akaingiwa na huruma. "Basi jamani, tutamuua kaka yangu."

"Niache, anakuja! 'Crisis', 'crisises'! 'Crisises', Mwalimu!"

"Krai..." Sauti ilikwaruza. Wanawake wakaganda. "Krai... siz."

Mwiko ukaanguka sakafuni, wifi akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja dirishani. Mke alilia huku anacheka, mashavu ya mumewe mikononi mwake.

"Nisahihishe, mume wangu! Nisahihishe mpaka nizeeke!"

Akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Lakini tamaa haina mwisho. Alitaka kuisikia sauti ile tena. Akajifanya mnyonge, hajui hili wala lile.

"Sasa 'cactus', baba, wingi wake si 'cactuseses'?"

Mwalimu akamtazama, akamtazama tena. Upande mmoja wa mdomo ukapanda polepole. Akakusanya pumzi.

"Mwo... ngo," akasema.