Mtu wa 2521

Kila Jumanne saa tatu asubuhi, Rémy, karani wa kambi iliyo juu ya Munigi, aliwapanga wakimbizi wa vita kwenye mawe meusi ya volkano ili wagawiwe maharage. Daftari lake lilisema watu 2520. Kila alipozaliwa mtoto, mzee mmoja alizikwa, kwa hiyo daftari halikuguswa.

Wiki ya kwanza aliwapanga wawili wawili. Nyirarukundo, mjane kutoka Rutshuru, akabaki. Wiki iliyofuata walipangwa saba saba, akabaki. Walipopangwa kumi kumi alisimama katikati kabisa, akamshika mkono jirani yake Mama Léoncie upande huu, na binti yake mwenyewe, Umuhire, upande ule. Mistari ilipokamilika, hao wawili walikuwa wameshikana wenyewe, naye yuko pembeni, karibu na vyoo. Hakuna aliyemsukuma.

"Nyirarukundo, weye!" Mama Léoncie alimtania. "Hata mbinguni wakitupanga, utabakia mulangoni kumusaidia Petro kushika funguo."

Umuhire alikuwa na jetoni, kile kibati cha kupokelea maharage. Mama yake hakuwa nayo. Kopo moja la maharage liliwalisha wawili, na miguu ya binti ilikuwa imeanza kuvimba.

Nyirarukundo alikuwa akisoma hesabu jioni, baada ya sala, kwa mwalimu Barthélemy. Akamuuliza juu ya 2520.

"Iyi nombre iko muzuri sana, mama. Ugawe kwa mbili, kwa tatu, mpaka kwa kumi, hakuna kitu inabakia. Hakuna ndogo kuliko iyi yenye inaweza vile."

"Na ukiongeza moja?"

Mwalimu akagawa mpaka chaki ikaisha. "Inakataa yote. Inagawika kwa yenyewe, na kwa moja tu."

Nyirarukundo akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa ile moja.

Jumanne akamwendea karani. "Papa Rémy, utupange mumoja mumoja. Vile hakuna mutu atabakia."

Rémy alikuwa mtu mpole. "Najua tuko 2521, mama. Lakini hema ziko 360, za watu saba saba. Nikiandika wewe, nitaweka wapi iyo hesabu?" Akafikiri kidogo. "Mustari moja, sawa. Tujaribu."

Mstari ukashuka hadi barabarani. Nyirarukundo alikuwa wa mia nne na kumi, na safari hii hakuondoka mahali pake. Watu walimpongeza. Alipofika mbele, gunia lilikuwa tupu. Rémy aliingiza mkono mpaka begani, akagusa chini.

"Mama, usogee kidogo," alisema Hategekimana, fundi viatu aliyekuwa nyuma yake.

Akasogea. Gunia likajaa mpaka mdomoni, kopo likazama, mstari ukaendelea.

Saa nane Rémy aliandika kwamba siku hiyo hakubaki mtu.