Fundi Aliyepima Kabla ya Kupika

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini na nne huu, na mambo ya kupima siambiliki. Kwa hiyo daktari aliposema hanipasui macho mpaka sukari ishuke, na kwamba nitaishusha kwa kupima chakula, nilicheka kimoyomoyo. Kupima tu? Hiyo kazi ama mchezo?

Nilikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia lilikwisha kufunga, la kushoto linaona ukungu. Uzi nilikuwa natungiwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, ambaye mumewe yuko barabarani na lori wiki nzima. Mteja akiniletea kitambaa cheusi namwambia rudi kesho, na kesho namwambia vilevile. Nisingepasuliwa, cherehani ningeifunika shuka moja kwa moja. Niliogopa, wala sioni haya kusema.

Mtaalamu wa lishe alitueleza, mimi na mkwe, kwamba kinachopandisha sukari hasa ni wanga, na wanga huhesabiwa kwa gramu. Kila mlo nisizidishe gramu arobaini na tano. Kikombe kimoja cha wali ndizo hizo, zimeisha. Nikitaka mkate au maharage, wali upungue. Mboga za majani nile hadi nichoke. Mkwe aliandika yote daftarini.

"Kupima niachie mimi," nikamwambia tulipofika nyumbani. "Wewe pika tu."

Kila siku nikajaza kikombe kimoja cha mchele, nikausawazisha kwa kidole, nikampa apike kwenye sufuria ndogo ya peke yangu. Siku ya kwanza alianza kusema, "Baba, huu wali naona kama..." Nikamkata kauli. Nikamwambia nimeanza kupima watu yeye hajazaliwa. Akaupika, maana mkwe atabishanaje na mzee kichwa ngumu?

Mwezi ukaisha, sukari iko juu palepale, tarehe ya upasuaji ikasogezwa. Mwezi wa pili, hadithi ileile. Daktari akasema nafasi ya tatu ikinipita narudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ni ya mwaka mzima.

Siku hiyo mdomo wangu ulinitia aibu. Mbele ya wateja wawili, kwenye duka langu la ushonaji lililo mbele ya nyumba, nilimwambia mkwe kwamba lazima ananitilia sukari kwenye chai, kwamba amechoka kulea mzee. Alimaliza kukunja suruali aliyoshika, akaingia jikoni.

Kesho yake mchana akafunga mlango wa duka, akaniletea sufuria yangu ingali inafuka mvuke, na kikombe.

"Baba, nisaidie," akasema. "Mwenye mkono wa kupima ni wewe. Huu wali ni vikombe vingapi?"

Nikachota cha kwanza, nikamwaga kwenye bakuli. Nikachota cha pili, nikamwaga juu yake. Cha tatu kikajaa pomoni, na sufuriani bado kuna punje. Nilibaki nimeshika kikombe kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu ubaoni. Fundi hupima kabla ya kukata, na mimi nilikuwa napima kabla ya kupika. Mchele unakunywa maji, unavimba, na mimi miezi miwili nakula milo mitatu kwa mkupuo mmoja huku najisifu.

Angeweza kunisuta mbele ya wateja walewale. Alichagua nijionee kwa mkono wangu mwenyewe, mlango umefungwa.

"Nisamehe, mama," nikasema. Ilinitoka kwa shida.

"Wali unapoa, baba," akajibu, akarudisha vikombe viwili sufuriani.

Toka siku hiyo mpimaji akawa yeye. Viazi anapima, mkate anapima, hata chungwa analihesabu. Nilinuna, nililalamika njaa, kila mlo nikamuuliza kama na chakula chake kimepimwa, lakini nilikula nilichopewa. Sukari ikashuka pole pole kama mtu anayeshuka ngazi kwa fimbo. Nafasi ya tatu ilipofika, wakanipasua jicho la kushoto.

Bandeji ilipotoka, nilirudi nyumbani nikishangaa kila kitu, mpaka vifungo vya shati langu. Mchana tukakaa mezani. Nikaangalia sahani yangu, kisha yake. Wali wake kidogo kama wangu, tena yeye anashinda wima dukani kutwa.

"Mbona umejipakulia hivyo?"

"Si unaniulizaga kila siku, baba? 'Na wewe umepimiwa?' Nakujibu ndiyo." Akaangalia chini. "Sikutaka nikudanganye."

Kila siku nilimuuliza hivyo kwa hasira, na kila siku sikumwamini, maana kwa ukungu ule sahani yake sikuiona. Yeye haumwi chochote, na alikuwa anakula kipimo cha mgonjwa.

Katika maisha yangu sijawahi kumpakulia mtu chakula. Nilinyanyuka, nikashika mwiko, nikampakulia wali. Akasema basi baba, inatosha. Nikaongeza.