Shati Jeupe la Daviko

...na huo mkono bado ameunyoosha, vidole vinanikunjia, njoo bibi, njoo, na sinagogi zima limegeuza shingo kunitazama mimi, Merkada Palombo, mjane wa Moiz fundi viatu, miaka sabini na sita, magoti mabovu, safu ya kwanza kiti cha tatu, kwa sababu huyu Leonor wa Madrid ametangaza kwenye kipaza sauti kwamba hatauimba wimbo unaofuata peke yake, "wimbo huu wa kumbembelezea mtoto nilipewa na bibi Merkada jikoni kwake, mama yake alimwimbia akiwa mchanga kitandani kwenye susu, na mimi namwimbia huyu wangu kila asubuhi," na aliposema huyu wangu akajishika tumbo, tumbo la miezi saba ndani ya gauni jekundu, na watu wakafanya aaah, wakapiga makofi, mpiga ganuni akapiga nyuzi mbili tatu kunifungulia njia, nami nimekaa, mkoba mapajani, sinyanyuki, maana kila asubuhi amesema, kila asubuhi, Mungu wangu, miezi saba anamwimbia mtoto wa tumboni wimbo wa maiti.

Ni wimbo wa maiti. Si wa kubembeleza, haukuwa hivyo hata siku moja, mama aliutunga mwenyewe siku alipokufa Daviko, kifungua mimba wake, miaka miwili, dondakoo, nami sijazaliwa bado, aliutunga huku wanamwosha, maji ya uvuguvugu nimekutilia, shati jeupe nimekushonea, dogo, dogo, lala wala asikuamshe mtu, na atakayesikia maji na shati na lala atasema nini kama si mtoto anaogeshwa akalale, nani atajua kwamba lile shati ni sanda, nani humu ndani, watu mia mbili na lugha yetu hawaijui, wamekuja kusikiliza utamu, wifi yangu Fortuna hapa ubavuni amebakiwa na matusi na majina ya vyakula tu, na Nesim Arditi kule nguzoni, ambaye angeelewa kila neno, kaacha mashine zake za masikio nyumbani, ona anavyoitabasamia ile nguzo... "Nyanyuka wewe," Fortuna ananifinya, "au unangoja uletewe farasi?" Ngoja, Fortuna. "Ngoja nini, watu wanakutazama, hebu kaza hicho kilemba chako." Ngoja, nimesema.

Mama alikuwa akiuimba mara mbili kwa mwaka, siku aliyokufa Daviko na siku ile ya mfungo wa kiangazi tunapoomboleza hekalu lililobomolewa, anafunga dirisha la barabarani, anakaa sakafuni, taa ya mafuta kwenye glasi, akimaliza anakwenda kunawa mikono mlangoni na haifuti, anaiacha ikauke yenyewe, kama mtu aliyetoka makaburini, na mimi nje ya mlango nimebana sikio kwenye ufa. Siku moja nikautoa mdomoni nikiwa nachambua mchele, nilikuwa na miaka sita, sikuwa na nia yoyote, kofi nililopigwa bado nalisikia, mchele ukatawanyika hadi chini ya kabati, "unamwimbia nani, nani kafa humu, huu hauimbwi bure, wee mwanaharamu, ukiuimba pasipo maiti unatoka unakwenda kumtafuta maiti!" Na hiyo, nisiseme uongo, ndiyo siku pekee ninayokumbuka mama kunishika uso, hata kama ilikuwa kwa kofi.

Na nilikuwa najua haya yote, miaka miwili iliyopita, Leonor alipokaa jikoni kwangu na kile kimashine cha kurekodia juu ya kitambaa cha plastiki, karibu na mayai ya kahawia, nimemtolea na ile jemu nyeupe ya sukari kwa kijiko cha fedha, akala vijiko vinne, njaa ya wasanii, akanyoosha miguu akasema "bibi, zile za harusi na za mapenzi ninazo, kila mtu anazo, naomba ile ambayo mama yako alikuimbia wewe," kwa Kihispania chake cha kuweka ulimi katikati ya meno, na mimi kwa hiki chetu ambacho wao siku hizi wanakiita Kiladino, sisi tulisema tu lugha yetu, nikamwimbia beti mbili, na unajua alifanya nini, akasimamisha mashine akasema taratibu, kwa adabu zote, "hapa nadhani mama yako alikosea, neno lenyewe linatamkwa hivi." Mama alikosea! Walitufukuza Wayahudi kwao Hispania kwa mapanga, tukaondoka na funguo za nyumba na nyimbo, na baada ya miaka mia tano wanakuja kwa ndege kutusahihishia madaftari. Na mimi nikasema ndiyo mwanangu, sema unavyoona, nikamwongezea kijiko cha tano. Huyo ndiye mimi, ulimi mkali mpaka mgeni aondoke.

Na leo anauimba hivyo hivyo alivyousahihisha, nimeusikia kwenye redio mara ngapi, na ngoma ya dumbaki chini yake, dumbaki kwenye wimbo wa maiti, na fidla inalia kwa mpangilio, mwanamke mmoja dukani kwa Hasan alikuwa anaupiga mluzi anachagua nyanya, nikaacha kapu langu pale pale nikatoka, nikampigia Fortuna simu nikamsimanga Leonor saa nzima, mwizi, mwizi wa makaburi, wanatuvua hata sanda, na Fortuna akasema "sasa si umempa mwenyewe, kakuibia vipi?" Nikamkatia simu. Wiki mbili sikusema naye.

Si nimempa mwenyewe. Na nani alisema ni wa kubembeleza, Leonor? Hapana, Leonor aliuliza, macho makubwa, kalamu mkononi, "huu ni wimbo gani, bibi?" na mimi, Merkada, kinywa changu hiki hiki, nikasema wa kubembeleza mtoto, bila hata kumeza mate. Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Kwamba nyimbo nyingine zote zilikuwa zimenitoka kichwani nikaona aibu kumrudisha mgeni mikono mitupu. Kwamba kuuimba wa maiti ndani ya nyumba isiyo na maiti ni hatari, basi nikaubadili jina ili Malaika wa Mauti akipita asiutambue, kama nilivyobadilishwa mimi, maana hilo kwetu ni jambo la kawaida, mtoto akiugua sana mama anamuuza, anakuja jirani mwenye watoto hai, anatoa sarafu, anamchukua mtoto, jina la zamani linatupwa, mtoto anaitwa Aliyenunuliwa, Merkado akiwa wa kiume, Merkada akiwa wa kike, Malaika akija kumtafuta yule mgonjwa wa mama yangu Bulisa anaambiwa Bulisa hana mtoto, huyu ni wa Sultana, nenda zako. Miezi minne nilikuwa nayo, homa, na mama alishazika mmoja. Nikauzwa kwa Madamu Sultana wa ghorofa ya chini, muuza vifungo. Nikapona.

Nikapona, lakini mauzo ni mauzo, ukicheka na Malaika anarudi, kwa hiyo mama alinilea kama mali ya mtu, kunilisha alinilisha, nguo alinishonea, ila neno mwanangu halikupita midomo yake, kwenye ngazi watu wakisema Bulisa, binti yako amenenepa, anajibu haraka haraka, "si wangu, wa Sultana huyo, mbaya kama nini," anatema mate mara tatu, na mimi nimesimama pale, miaka minne, mitano, saba, najua ni mchezo wa kunikinga, niliambiwa ni mchezo, lakini mchezo gani hauna mwisho, usiku wa homa alinikanda kwa siki bila sauti, bila hata kunong'ona, aliogopa sauti yake ingemjulisha Malaika kwamba ni mama anayemwimbia mtoto. Kwangu alikuwa bubu. Daviko alipewa wimbo, mimi nikapewa jirani.

Hiyo ndiyo sababu. Acha hizo nyingine, Merkada, umezeeka mno kujidanganya mbele ya watu mia mbili. Leonor alisema niimbie alichokuimbia mama yako, na mama yangu hakuniimbia kitu, kitu, nikafungua kinywa nikamwibia Daviko, nikaingia kwenye lile shati lake dogo jeupe nikasema ni langu, na yule msichana akafuta machozi akasema "mama yako alikupenda sana, bibi," nami nikasema sana, sana mwanangu, na kwa dakika ile, jikoni, ilikuwa kweli, ndiyo utamu wenyewe, nilibembelezwa na mimi. Mwizi wa makaburi ni nani basi? Yule aliyekula jemu, au mimi?

"Bibi Merkada?" anaita sasa kwenye kipaza sauti, anacheka kidogo, "bibi ana aibu, msaidieni," na makofi yanapangika, pa, pa, pa, na mkono ule mwingine uko tumboni, ona anavyoshika chini, kwenye uzito, hajui, na kumwambia nimwambieje, nisimame niseme kwenye kipaza sauti, mwanangu umekuwa ukimvika mtoto sanda, azae na hilo kichwani, akiona kikohozi kimoja tu cha mtoto anikumbuke mimi? Au ninyamaze, niseme ni ushirikina wa wanawake wa sakafuni, karne nyingine, hospitali zipo, chanjo zipo, na wimbo ni wimbo... huuamini huo, Merkada. Sijui kama naamini. Lakini tangu kofi lile sijawahi kuuimba huu bila kwenda kunawa mikono, na jana nilipomwona na hilo tumbo pale hotelini kwake nilikwenda kunawa mikono kabla hata ya kumsalimu. Umetoka, mama. Umetoka bila maiti, unazunguka kwenye redio na madukani, unamtafuta wa kwake, na mlango ulio wazi kuliko yote ni ule wa gauni jekundu.

Basi upewe maiti wake. Mbona sikuliona hili, nimekaa kiti cha tatu kama gunia, kumbe liko wazi, kuna ubeti wa tatu, Leonor hana, huo sikumpa, huo niliumeza, kwa sababu ndani ya ubeti wa tatu ndimo jina la marehemu linapotajwa, mara tatu, Daviko, Daviko, Daviko, mlango umefungwa kwa nje, na wimbo ukishataja jina umeshapata mtu wake, haumtafuti mwingine, ndiyo maana mama alikuwa haumalizi bila kuufikia ubeti huo hata sauti ikimkatika. Lakini Daviko alishapewa wimbo wake zamani, nilishamwibia vya kutosha. Ninalo jina jingine. Siku ya harusi yangu Madamu Sultana alinivuta nyuma ya pazia, mikono yake ina harufu ya vifungo vya pembe, akaninong'oneza, "kabla sijakununua uliitwa Luna, sasa lizoee moyoni tu, usilitamke kwa sauti, yule Malaika bado analo kwenye orodha." Hata Moiz hakulijua. Miaka sabini na sita tangu ninunuliwe na hakuna aliyeniita hivyo, linakaa ndani yangu kama jipya, halijavaliwa. Luna, Luna, Luna, linaingia pale pale pa Daviko, pumzi ile ile. Asikie. Aliyedanganywa mlangoni kwa Bulisa aje asikie ni nani hasa alikuwa mgonjwa, yuko safu ya kwanza, si tumboni mwa mtu, na umri wake si wa kusikitisha.

Nao hawatajua chochote, watasema bibi ameongeza ubeti, raha iliyoje, watapiga makofi kwenye msiba wangu na mimi nawasikia, na Leonor kesho ataniuliza luna maana yake mwezi, sivyo, nami nitasema ndiyo mwanangu, mwezi, sema unavyoona. "Wewe," Fortuna ananong'ona, "unasimama au husimami?" na mkono bado uko hewani, na ganuni inarudia nyuzi zile zile mbili tatu, na ni mimi tu niliyeusikia wimbo ukianza, maji ya uvuguvugu nitilie, mama, mimi sasa, niite, hakuna wa kuogopa tena, na shati jeupe nishonee, si dogo, safari hii lishone kubwa.