Injini ya Angani Ndani ya Boti

Kaka mtu hakuwa na desturi ya kuomba. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuamrisha, na alipofanywa fundi mkuu wa boti ya wagonjwa ndiyo kabisa, maneno yake yakawa kama honi. Kwa hiyo dada yake, mkaguzi wa injini za ndege, aliposikia kwenye simu, "Mdogo wangu, nakuomba uje, injini imenishinda," aliiondoa simu sikioni akatazama kioo kuhakikisha kweli ni yeye.

"Rudia hapo pa kushindwa," alisema.

"Usianze."

Alikuwa ameshaanza. Alicheka palepale juu ya ngazi, kichwa kikiwa kimekaribiana na injini ya helikopta. Kazi yake ilikuwa kukagua injini za vyombo vya angani: kupenyeza kamera nyembamba ya mrija kwenye tundu dogo, kupitisha jicho kwenye mapanga yanayozunguka ndani, moja baada ya jingine, kisha kusema inaruka au hairuki. Kaka yake alimwita bibi wa mawinguni, na alisema ndege ni feni iliyofungwa viti. Naye alimjibu kwamba boti ni sufuria inayoelea. Ila boti hii mpya ya wagonjwa haikuwa sufuria hata kidogo. Walioiunda waliitia injini ya ukoo uleule wa helikopta, yenye mapanga mengi ya kuvuta hewa, ili iwahi visiwa vya mbali. Tangu ilipofika alikuwa na hamu ya kuichungulia, akajikaza asije akaonekana anajipendekeza. Leo kaombwa! Alishuka ngazi kama mtoto aliyesikia kengele ya mapumziko, akamuaga msimamizi wake, akabeba sanduku la kamera.

Kaka alimpokea gatini, uso umemshuka.

"Inakohoa," alisema kabla hata ya salamu. "Ukiongeza mafuta, joto linapanda, nguvu hamna. Nimebadilisha vichujio. Nimekagua mabomba yote. Nimeibembeleza, nimeitukana. Wapi!"

"Umeiosha?"

"Huioni inavyong'aa?"

"Ndani, kaka."

Kaka akamfungulia mlango wa chumba cha injini.

Chumba cha injini kilikuwa kidogo, cha joto, kinanuka mafuta na maji ya bahari. Mkaguzi alipiga magoti, akafungua kizibo, akapenyeza kamera. Kwenye kioo chake yakatokea mapanga, kila moja limeganda ukoko mweupe. Moyo ulimruka. Huko kwao, kwenye banda la ndege, alikuwa amesoma kuhusu jambo hili mara nyingi bila kuliona kwa macho.

"Njoo uone! Chumvi! Injini yako haipumui, maskini ya Mungu, imezibwa pua!"

Wakachanganya maji safi na sabuni yake maalumu, wakaizungusha injini bila kuiwasha huku wakiimwagia ndani. Nje yakatoka maji machafu yenye rangi ya chai. Kaka akaanza kupiga mluzi. Juu, nahodha, mama mmoja mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, aliuliza kama wafungue kamba.

"Bado," mkaguzi alisema. "Niangalie tena."

"Si umeshaona ni chumvi?"

"Nimeona chumvi. Sasa nataka kuona ilichokuwa imekificha."

Akarudisha kamera. Kaka alizungusha mapanga kwa mkono, polepole, huku dada mtu akihesabu kimoyomoyo. Safi. Safi. Safi. "Simama! Rudi nyuma kidogo. Hapo! Hapohapo!"

Kwenye ukingo wa panga moja palikuwa na pengo dogo kama punje ya mchele, lenye ncha kali. Kitu kigumu kilikuwa kimevutwa ndani kikaligonga. Kaka alipapasa wavu wa kuingizia hewa, akakuta nafasi ya skrubu iko wazi. Skrubu moja ilikuwa imechomoka, na dada yake hakumchokonoa.

"Ncha kama hiyo ndiyo inayozaa ufa," alimwambia. "Panga likikatika huku linazunguka, linakula na wenzake wote. Kwanza niitafute hiyo skrubu."

Akaikuta imelala mbele kabisa, chini ya mapanga, akaivuta kwa koleo refu jembamba. Kisha akatoa kijiti cha chuma chenye jiwe dogo la kusagia kwenye ncha. Kazi ya kulainisha panga bila kufungua injini ni kama kumnyoa mtu ndevu kupitia tundu la ufunguo. Alikuwa ameifanya kwenye injini za angani, kwenye sakafu isiyocheza. Hapa boti ilipumua na kila wimbi dogo. Akasubiri itulie, akasaga kidogo, akasubiri tena. Jasho lilimchuruzika, na bado alikuwa akitabasamu. Mwishowe pengo likawa bonde laini, na alipolipima likawa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Akapitia na mapanga mengine yote. Skrubu haikuwa imeyagusa.

"Inafaa?" kaka aliuliza.

"Inafaa kujaribiwa. Sahihi yangu utaipata ikikimbia kwa nguvu zote bila kugusa mstari mwekundu wa joto."

"Basi panda. Au bibi wa mawinguni anaogopa kulowa?"

Akapanda. Walitoka bandarini taratibu, yeye na kaka yake mbele ya geji, nahodha kwenye usukani, muuguzi wa boti nyuma akikaza mikanda ya machela. Walipofika maji mapana, nahodha akasukuma mpini wa kuongezea mafuta. Ile sauti! Mkaguzi aliijua tangu siku zake za kwanza kazini, mluzi unaopanda mpaka unausikia kwenye meno, ila hakuwahi kuusikia ukisukuma maji. Boti iliinua pua. Mshale wa joto ulipanda, ukasita, ukatulia mbali na mstari mwekundu.

"Tulia hapohapo, mama," mkaguzi aliunong'oneza. Mshale haukusogea.

Walikuwa bado hivyo, nguvu zote, redio ilipoita. Kwenye kisiwa cha mbali fundi wa paa alikuwa ameanguka, anatoka damu kwa ndani. Boti nyingine isingefika kabla ya jioni.

Nahodha hakugeuka. "Mkaguzi, wewe ndiye mwenye neno. Nikisikia hapana, nitawajibu hapana."

Alitamani kujibu papo hapo, akajizuia. Akatazama geji ya joto, ya mafuta, ya mtikisiko. Akaweka kiganja sakafuni, juu ya injini, aisikie inavyotetema. Muda wa jaribio ulikuwa umetimia, na hakuna alichokuwa amekitaka ambacho hakupewa.

"Ni nzima," alisema, kisha akajikuta anapiga kelele. "Ni nzima! Twende!" Akaweka sahihi kwenye fomu ya ukaguzi juu ya goti, boti ikiruka mawimbi.

Kisiwani walimpakia yule fundi, kijana mwenye midomo iliyopauka, na mkewe aliyekataa kuuachia mkono wake. Walipoondoka, mke alimvuta mkaguzi ovaroli.

"Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama. Mimi nakagua injini."

Mwanamke akamtazama juu mpaka chini. "Sasa umekaa hapa kufanya nini? Nenda kaiangalie!"

Muuguzi alicheka huku anashikilia chupa ya maji ya mshipa. Mkaguzi alitii amri, akarudi kwenye geji zake mbio, na hakuondoa macho hapo mpaka boti ilipogusa gati na gari la wagonjwa likafungua milango.

Injini ilipopoa, alifungua tena kizibo. Kaka hakuambiwa, alichuchumaa mwenyewe, shavu kwa shavu na dada yake mbele ya kile kioo kidogo. Lile panga likapita, laini, halina hata mkwaruzo mpya.

"Lirudishe tulione tena," kaka alisema.

Akalirudisha. Walikuwa bado wanalitazama nahodha alipoinamisha kichwa mlangoni kuwaambia kwamba hospitali wamepiga simu: damu imezuiwa, mgonjwa ameamka, na mkewe anauliza kama yule wa injini bado yuko kazini.

"Mwambieni yuko!" kaka mtu alijibu kwa sauti ya honi, na wote wawili wakaangua kicheko mle ndani, magoti kwenye maji ya sabuni.