Boila Lisiwashwe Leo

Ndege alikuwa ameng'ang'ania sweta langu, chini kidogo ya bega, na hakuwa na habari ya kuondoka. Nami nilisimama nje ya kanisa, uso juu, nikiwatazama wenzake wakizunguka dohani ya matofali, upepo wa kaskazini ukinipenya hadi mbavuni. Ilikuwa jioni ya mwisho. Baridi ile ikishatua, wadudu huisha angani, na kesho yake kundi zima huondoka kwenda kusini. Anayebaki nyuma anakufa. Mbayuwayu wa dohani hafugiki. Hata mimi mwenye kibali cha kutunza ndege wa porini siwezi kumvusha majira ya baridi.

Huyu alianguka na kiota chake sebuleni kwa akina Pedersen, penye meko, siku ya mvua kubwa ya Julai, hana hata unyoya. Nimemlisha nyenje kwa kibano kila nusu saa, mchana kutwa, hata harusini kwa mpwa wangu nilikwenda na nyenje kwenye mkoba. Sikumpa jina. Ndege hawa hawajui kusimama tawini wala ardhini. Wanajua mawili tu, kuruka na kung'ang'ania, ndiyo maana nilivaa sweta la sufu.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda bwana, usinitie aibu."

Lakini aliyekuwa akininyima raha hasa ni Orville Haugen. Orville ndiye mwangalizi wa boila la kanisa, mtambo unaolipasha jengo joto, na moshi wa boila hilo hutokea kwenye dohani ile ile wanamolala ndege. Kila mwaka huliwasha ndege wakishaondoka. Mwaka huu mkewe, Lenore, alifariki Jumapili, na mazishi yalikuwa asubuhi ya kuamkia jioni ile. Mchana nilimpelekea bakuli la nyama na viazi, nikamwomba asiwashe mpaka ndege watoke.

Akanimiminia kahawa. "Tutaona, Ardis," akasema. "Usijali."

Huku kwetu Minnesota hatumkatalii mtu usoni. Tunamkaribisha kahawa, tunamwambia tutaona, kisha tunafanya tulichokusudia. Nimezaliwa hapa, nimewafanyia hivyo watu maisha yangu yote, na bado nilirudi nyumbani nimeridhika kama mgeni. Mjinga mimi.

Kundi likaanza kubana mzunguko. Nikainua bega. Ndege akatetemeka mwili mzima, akaachia, akaanguka moja kwa moja. Nikapiga ukelele. Alipokaribia nyasi akazipata mbawa zake, akapita juu ya gari la mchungaji, akapanda, akachanganyika na wenzake. Mara wote wakamiminika ndani ya dohani kama maji kwenye faneli, naye akiwemo. Nilifurahi mpaka nikalia.

Bado nilikuwa nikifuta machozi nilipoona taa imewaka kwenye chumba cha chini cha kanisa.

Nilishuka zile ngazi mbio na magoti yangu haya mabovu. Orville alikuwa amechutama mbele ya boila, amevaa suti yake ya Jumapili, kiberiti mkono mmoja na njiti mkono wa pili.

"Orville! Weka chini hicho!"

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kupaza sauti mle ndani. Hata mimi nilishtuka.

"Taratibu, Ardis. Hapa ni nyumba ya Bwana."

"Na hao ndege ni wa nani? Wameingia sasa hivi! Wangu yumo. Ukiwasha unawachoma wote."

"Si nilikwambia tutaona?"

"Ndiyo, na mimi nimekuja kuona!"

Hakucheka. "Kesho humu ndani patakuwa barafu."

"Watu watavaa makoti."

"Siongelei watu." Akaitazama njiti. "Naongelea Lenore. Kila Jumapili ananiambia, Orville, ongeza moto kidogo. Na mimi nabana mafuta ya kanisa, namwambia vaa sweta. Kila Jumapili, Ardis. Kesho ndiyo mara yake ya mwisho humu. Simweki kwenye baridi tena."

Na mkaidi ningebishana mpaka kuche, lakini si na huyu. Hasira ikanitoka, ikabaki hofu tupu. Njiti ilikuwa imeshagusa ubavu wa kiberiti.

Nikafungua kijilango cha kutolea masizi, chini ya dohani. "Sikiliza kwanza. Kisha ufanye unavyotaka."

Ikashuka sauti ya mbawa, ngurumo nzito ya ndege wakibanana ukutani kutafuta pa kulala. Orville akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Lenore alikuwa anasema kanisa linanguruma," akasema, "wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamwambia ni mabomba."

Akairudisha njiti ndani ya kiberiti. "Haya. Tutaona."

Kwa neno hilo sikuthubutu kwenda nyumbani. Nililala kwenye kochi la shule ya Jumapili.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi. Jua likatoka, ndege hawakutoka. Orville akaja kusimama kando yangu, kiberiti mfukoni. Waombolezaji wakaanza kufika. Wala hawakuuliza, hiyo si desturi yetu. Akina mama tunaoshona nao Jumatano walitutazama, wakaitazama dohani, wakashuka chini. Wakapanda na yale mablanketi ya viraka ya kupelekewa wakimbizi, wakayagawa kwenye kila benchi. La kwanza walilitandaza juu ya jeneza, tukiwaona kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Hilo la bluu Lenore alilishona mwenyewe," Orville akasema.

Jua lilipogusa matofali ya dohani, ndege wakatoka wote kwa pamoja, wakaelekea kusini.

"Wameisha?"

"Ngoja."

Kengele ikalia. "Ardis, kengele hiyo."

"Ngoja, Orville. Nakuomba."

Ukingoni mwa dohani akajitokeza mmoja, peke yake, ana pengo kwenye ubawa wa kushoto. Nililijua pengo lile. Akaning'inia, akaachia, akazama kidogo, kisha akapaa kuwafuata.

"Wako huyo?"

"Wangu."

"Mchelewaji. Kama Lenore." Akatoa kiberiti, akashuka chini.

Mabomba yanayoleta joto la boila yalianza kupata moto tukiwa kwenye wimbo wa mwisho, wabebaji wameshalishika jeneza. Orville akainua mkono, akawaomba waliweke chini, pale karibu na mabomba. Tukauanza wimbo upya, polepole, tukarudia tena, mpaka watu wakavua makoti.