Bega Chini ya Jeneza

Mahfudh alikuwa na tabia ambayo angekufa kwa aibu lau watu wangeijua: alikuwa akienda kuzika watu asiowajua.

Wala usidhani alikuwa mcha Mungu hivyo. Alikuwa karani katika ghala moja la Changamwe, amepanga chumba Bombolulu, na hakuna baya lililomfika. Hakufiwa, hakuachwa, hakufukuzwa kazi. Asubuhi moja tu aliamka, akautazama mswaki wake, akajiuliza ni wa nini, na tangu hapo hakupata jibu, si la mswaki wala la kitu kingine. Akicheka na wenzake kazini, alijisikia akicheka kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Kisha siku moja jeneza likampita njiani, naye, kama ilivyo ada, akatia bega. Chini ya jeneza hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Unapokea, unachukua hatua chache, unampisha mwenzako. Kwa muda huo mfupi una mzigo, na mzigo una pa kwenda. Basi bwana yule akanogewa.

Ijumaa moja maziko yalikuwa Kisauni. Alishika mbele, na watu walipomgusa bega wampokee, akajifanya hasikii. Nyuma yake vijana kadhaa walikuwa wakizungumza kwa mikono. Hakuwatazama mara mbili. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake: watu walimpita machoni hivi hivi.

Baada ya maziko alizoea kuponyoka langoni. Lakini baba wa marehemu, Mzee Abdillahi, alimshika mkono mpaka nyumbani, akamketisha mkekani kando yake, mbele ya ndugu wote.

"Umemchukua mwanangu mbali kuliko nduguze," alisema mzee. "Mwajuana tangu lini na Jafar?"

Angeweza kusema kweli. Ulimi ukamtangulia.

"Tulikuwa marafiki, mzee. Jioni alikuwa akinipitia, tukizungumza mpaka tukachoka. Alikuwa na maneno matamu, wallahi."

Kaka yake Jafar aliweka kikombe chini akataka kuinuka. Mzee akamzuia.

"Mwanangu alizawa bubu," alisema taratibu. "Hakupata kunena hata neno moja. Wale wenziwe pale, wote wazungumza kwa mikono."

Aibu ikamvaa Mahfudh mwili mzima. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye ambaye kwa miezi hakuhisi kitu, sasa alihisi kila kitu: masikio kuwaka, jasho mgongoni, macho ya watu. Alikuwa amemwapia Mungu uwongo kwenye matanga ya watu.

"Nisamehe, mzee. Sikumjua," alisema. "Mimi simjui mtu."

Akataka kuondoka, lakini mzee hakuuachia mkono wake.

"Bado sijakusamehe. Ila hapana mtu alomzika mwanangu akatoka kwangu na njaa. Keti kitako. Jina lako nani?"

Mahfudh alilitaja, kichwa chini. Yule kaka, ambaye hasira zilikuwa hazijamtoka, akamwambia hakusikia, aseme tena. Alipolirudia, kaka akawageukia wale vijana, akawaandikia hewani kwa kidole, herufi moja moja. Wote wakageuka kumtazama mwenye jina, naye hakuwa na pa kuuficha uso.